Damu ya Mzee kwenye Televisheni ya Syovata

Jumatano, 8 Oktoba 2025

Miaka hamsini na mbili nashika brashi na sijakosea rangi hata siku moja. Kuanzia Tiwi mpaka Msambweni, muulize umtakaye.

Mwenye bucha wa Msambweni usimuulize. Alitaka nyekundu, nikampakia kijani, watu wakawa wanaingia kuomba dawa ya kichwa. Halafu ule mlango wa madrasa — basi, mara mbili. Tatu ukimtia marehemu mke wangu, Mungu amrehemu, aliyeniagiza jiko la samawati akapata zambarau, akapika humo miaka tisa amenuna. Lakini hayo yalikuwa makosa ya mikebe. Macho hayakuhusika. Macho yangu leo yametukanwa dukani Ukunda mbele ya wanawake saba, ndiyo maana nimechukua kalamu na darasa langu la nne.

Hafsa anaolewa mwisho wa mwezi. Ni mjukuu wangu, na mimi humwita mke wangu kama ada ya babu na mjukuu. Yeye hunijibu kwamba amechoka na mume asiye na meno, ndiyo maana anatafuta mwingine. Mamake ni Mwanarusi, binti yangu mkubwa, ambaye utani haumwingii. Wamekubaliana sare ya madira iwe damu ya mzee. Rangi nzuri hiyo, nyekundu iliyokomaa. Jina lake lilitoka wapi sijui. Huenda mzee wa kwanza kujikata na wembe alikuwa na mke fundi cherehani.

Tukaenda kwa Syovata. Zamani duka lake lilijaa majora mpaka mlangoni, unashika kitambaa, unakivuta, unakitoa juani. Sasa ametundika televisheni juu kabisa, karibu na dari, akiogopa wezi, na humo ndani picha za vitambaa zinapita moja baada ya nyingine. Unataja namba, jora linaletwa kutoka Mombasa. Nguo ya harusi unaichagua kama taarifa ya habari.

Wanawake wakasimama chini yake, shingo juu kama kuku anayekunywa maji. Mimi nikapewa benchi la ubavuni, kando ya mlango, nisikanyagwe. Ikaja namba kumi na nne. Wote kwa sauti moja: ndiyo hiyo, damu ya mzee.

Nikasema hiyo si damu ya mzee. Huo ni udongo. Udongo wa Shimba Hills uliotiwa maziwa.

Wakanigeukia. Kisha kicheko. Syovata akasema, "Mzee, TV ni mpya, nimeitoa kwa karatasi mwezi jana." Hafsa akasema labda babu ameona damu yake mwenyewe, imepauka.

Mwanarusi hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Amefungia brashi zangu.

Nimeamka, nimeswali, nimekwenda kwenye kabati kutoa mikebe ya mlango wa Hafsa. Kufuli. Kufuli kubwa la geti, kwenye kabati la mbao nililolipaka mimi.

Nikamwita Mwanarusi. Akaja anakausha mikono kwenye leso yake. Akanieleza kwa adabu, na adabu yake ndiyo inayokera. Baba, macho yamechoka, si aibu. Tutakwenda kupima. Mlango atapaka fundi mwingine, wewe utakaa kwenye kiti umwelekeze.

Nimwelekeze! Kila binti wa nyumba hii aliyeolewa, mlango wa nyumba yake nimeupaka mimi. Mwanarusi mwenyewe analala nyuma ya mlango wangu mwaka wa thelathini na moja sasa na haujabanduka. Mlango wa Hafsa una mbao mbili, nimeupiga msasa kwa mikono hii. Mbao zote damu ya mzee, fremu kahawia. Sina zawadi nyingine ya kumpa mtoto yule. Ng'ombe sina, shamba wamekwisha kugawana nami bado ninapumua.

Nikamuuliza: na nikipimwa nikakutwa mzima?

Akasema atafungua kabati.

Na nikikutwa televisheni ndiyo kipofu?

Akaenda kuangalia nazi zake jikoni.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimekwenda Ukunda peke yangu. Nilisema nakwenda kumjulia mtu hali. Si uongo, nilikwenda kuijulia hali televisheni.

Syovata alikuwa anahesabu vifungo. Nikamwomba aniwekee namba kumi na nne na aiache hapo. Akaniwekea, kwa heshima ya mvi.

Nikakaa benchini. Udongo na maziwa.

Nikasimama chini yake, pale walipokuwa wanawake. Laa! Ikaiva. Ikawa nzito, nyeusi-nyeusi, damu ya mzee kabisa, mzee mwenye afya.

Nikarudi benchini. Udongo.

Nikaenda upande wa pili, penye kioo cha kujitazamia. Udongo tena, wa kijiji kingine.

Nikaanza kuzunguka duka nimeinua uso, hatua moja, natazama, hatua nyingine, natazama. Mteja mmoja akamuuliza Syovata kama mimi ni wa kuombewa. Nikamjibu mwenyewe kwamba naomba televisheni iseme neno moja kwa watu wote.

Rangi ya mafuta nayo inacheza ukiitazama kutoka ubavuni, kila fundi anajua, ndiyo maana mlango unapakwa huku unatembea mbele yake. Lakini rangi ya mafuta haitoki kwenye udongo ikaingia kwenye damu. Hiki ni kitu kingine. Kitambaa ni kimoja, picha ni moja, na kila aliyesimama mahali pake anapewa habari yake. Kisha mimi ndiye mgonjwa.

Nikamwambia Syovata asitume orodha Mombasa. Akasema orodha inaondoka Alhamisi, sare ni za watu arobaini, na aliyeagiza ni Mama Hafsa. "Mzee, enda ukapumzike."

Miaka ya kupumzika si iko mbele yangu, kaburini? Nitapumzika huko.

Jumatatu, 13 Oktoba

Leo nimepelekwa kupimwa. Kuna kliniki moja Diani inayopima macho ya wazee bure wiki hii. Mwanarusi amenitangulia kama anapeleka mbuzi mnadani.

Nesi ni Bi Everlyn, mtu wa bara, mpole, shikamoo yake imenyooka. Nikamwitikia marahaba na nikampenda. Kisha akanikalisha kwenye kiti pembeni ya meza yake. Kompyuta inamtazama yeye. Mimi naiona ubavu.

"Mzee, hapo ndani kuna vitone vya rangi, na katikati kuna namba. Unaona namba gani?"

Nikasema naona sikio la kompyuta.

Akasogea kidogo. Akauliza tena. Nikamwambia, mwanangu, igeuze initazame mimi, kisha uniulize mpaka magharibi. Akasema haigeuki, waya ni mfupi. Basi nisogeze kiti. Akasema kiti kikija huku mlango haufunguki.

Dunia nzima imeweka televisheni mahali pa kunidhalilisha mimi.

Nikamtajia namba. Sabini na nne, kwa kuwa ndio umri wangu. Akaandika. Sikupenda alivyoandika.

Kisha akasema tuache hiyo, tutumie ile karatasi ya herufi ukutani, nifunike jicho moja, tuanze na la kushoto peke yake. Hapo nikachoka. Nikamwambia Mungu alinipa mawili, yamezoeana, yanatazama pamoja tangu mkoloni hajaondoka. Siyatenganishi uzeeni. Mwanarusi akanivuta kanzu. Nikaivuta na mimi. Nikatoka.

Kwenye tuktuk Mwanarusi ameisoma karatasi ya nesi kwa sauti, dereva akisikia: mzee hakukubali kupimwa.

Hakukubali! Mzee alikubali. Kompyuta ndiyo iliyokataa kumtazama.

Jumanne, 14 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwau.

Huyu ni kijana wa Kikamba anayetengeneza televisheni na redio pale barabarani, si mbali na kwangu. Bango lake nililiandika mimi mwaka juzi, siku ya mvua, na herufi zikanitoroka: MWAU ELEKTRINIKO. Nilipotaka kulifuta akanikataza. Akasema hakuna mwingine Kenya nzima mwenye hiyo. Nikakataa malipo kwa aibu, naye akasema, "Basi Mzee, mimi nikona deni yako. Siku yenye utakwama, unaniambia."

Sijakwama, nikamwambia leo. Nimedhulumiwa. Nikamsimulia.

Hakucheka, mpaka nilipofika kwenye sikio la kompyuta. Kisha akatoa televisheni iliyofunguliwa tumbo, akanionyesha. Nyuma kuna taa nyeupe tupu. Mbele ya taa kuna vijidirisha vidogo visivyohesabika, chekundu, cha kijani, cha buluu, vinafunguka na kufungika kuachia mwanga. Rangi zote tunazoziona ni kufunguka na kufungika huko. Aliyekaa mbele, usawa wa macho, anapata mwanga kama ulivyopimwa. Aliyekaa ubavuni anapata uliovuja, rangi inapauka. Aliyesimama chini anapata uliozibwa, rangi inakolea.

Nikamwambia nimeelewa. Ni dirisha la luva. Ukisimama mbele unaona chumba, ukisimama pembeni unaona mbao.

"Ndiyo hiyo, Mzee. Umenishinda kueleza."

Nikamuuliza kama hakuna walioliona tatizo hili tangu hapo. Akasema wameliona zamani. Ziko televisheni ambazo vijidirisha vyake vinageuka vikiwa vimelala, ukikaa pembeni rangi haikimbii sana. Wanazitumia madaktari wa picha na watu wa kuchora. Hii ya Syovata ni ile ya rahisi, ya mtu mmoja aliyekaa katikati.

Ya mtu mmoja. Hapo damu yangu ya mzee ikachemka. Ni nani Kwale nzima anayetazama televisheni peke yake? Siku ya mpira kwangu kunakaa watu thelathini, wengine wako dirishani, wengine wamelala chini kama samaki mnadani. Ina maana miaka yote hii aliyekuwa akiona jezi kwa rangi yake ni mtu mmoja tu. Na kwa nyumba yangu mtu huyo ni paka, maana kiti cha katikati ni chake.

Mwau amekubali kuja kesho. Nikamwambia hili si lile deni. Hili ni la haki. Lile bado nakudai.

Jumatano, 15 Oktoba

Mwanarusi alikataa kuja. Hafsa akamwambia, mama, twende, tukicheka tucheke kwa mara ya mwisho. Mke wangu huyo. Huyo bwana harusi hajui anachoninyang'anya.

Dukani nikashika usukani. Namba kumi na nne. Hafsa akae benchini pangu. Mwanarusi asimame chini palepale alipokuwa. Kila mmoja ataje rangi bila kumsikiliza mwenzake.

Mwanarusi: "Damu ya mzee. Kama juzi."

Hafsa akatazama, akapangusa macho, akatazama tena.

"Sema, mke wangu."

"Babu... ni udongo."

"Wenye nini?"

"Wenye maziwa," akasema, akafunika mdomo na buibui.

Mamake akamwambia asiufuate ujinga wangu. Hafsa akainuka, akamshika mkono, akamkalisha benchini mwenyewe. Mwanarusi akatazama. Akasimama, akaenda chini, akatazama. Akarudi. Alikwenda na kurudi mara nne, na mimi nilizifurahia zote nne.

Kisha Mwau akaleta stuli akamwomba apande, macho yawe usawa wa televisheni. Mama Hafsa juu ya stuli, Syovata amemshika kiuno asianguke. Akatazama sana.

"Hii ni nyekundu ya matofali," akasema.

Si damu ya mzee, si udongo. Matofali! Watu arobaini wangeingia harusini kama ukuta. Kusema kweli mimi nami sikuipata, lakini hakuna aliyeniuliza hilo, na mimi sikujitolea.

Syovata akanuna kwanza, akisema sasa kila mteja apewe stuli? Mwau akaiteremsha televisheni mpaka usawa wa uso, akaipigia minyororo miwili ya kuzuia wezi, akaisogeza katikati. Mimi nikaomba chaki, nikachora duara sakafuni. Anayechagua asimame hapo, mmoja mmoja. Halafu nikafanya lililo kubwa kuliko yote: nikamwambia Mwanarusi achane ncha ya leso yake ya zamani, ile ya damu ya mzee aliyoachiwa na mamake, nikaibandika kwenye ukingo wa kioo cha televisheni. Rangi ya picha ifuate ya kitambaa. Mwau akaipiga leso picha kwa simu, akaitoa kwenye televisheni, akaichezea rimoti, akapunguza hiki, akaongeza kile, mpaka picha ya leso na leso yenyewe zikasalimiana. Baada ya hapo tukapitisha namba zote.

Namba tisa. Ndiyo damu ya mzee. Wote watatu tumeiona hiyohiyo, mmoja mmoja, ndani ya duara.

Syovata amesema atanunua zile za madaktari akijaliwa. Akaniuliza, "Mzee, wewe ulisomea wapi?"

Nikamwambia benchini.

Alhamisi, 16 Oktoba

Orodha imeondoka, namba tisa. Ufunguo wa kabati nimewekewa juu ya sahani ya mahamri, bila maneno. Mwanarusi hajui kuomba radhi, anajua kupika. Nimekula sita.

Nimemwambia, sasa, yale macho? Akasema, "Baba, kula."

Kipande cha leso nimekitia mfukoni. Ni ushahidi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Niko nyumbani kwa Hafsa, Galu, nimekaa kizingitini. Daftari nimekuja nalo ili niandike siku ya ushindi wangu. Nitaandika kilichotokea.

Asubuhi nimepaka ubao wa kwanza. Safi, umenyooka kama maji kwenye sinia. Hafsa amekuja kuutazama kutoka mbele, kutoka kulia, kutoka kushoto, akicheka, akasema mlango wa babu haudanganyi. Nikaacha rangi ishike. Nikarudia kuupiga msasa ubao wa pili penye kifundo, na vumbi likaniingia jicho la kulia. Si kidogo. Limevimba, linatoka machozi, halifunguki. Nimeosha mara tatu kwa maji ya mtungi.

Nikasema si kitu, lipo jingine.

Nikainua uso nitazame ubao wangu wa kwanza.

Udongo.

Nikadhani rangi imeharibikia juani. Nikasogea mbele, katikati, usawa wa macho, pale ndani ya duara kama lingekuwepo. Udongo. Nikatoa kipande cha leso mfukoni, nikakitandaza juu ya goti, juani. Udongo wa Shimba Hills na maziwa. Nikatazama kanzu yangu niliyoitundika kwenye msumari. Mwanarusi aliifua jana na buluu, ikawa nyeupe pe. Ni rangi ya chai.

Leso haina vijidirisha. Kanzu haina taa nyuma.

Tangu lini? Hili la kulia limekuwa likilibeba lenzake, halisemi. Benchini siku ile ukuta ulikuwa kulia kwangu, niliuegemea kwa shavu. Nilitazama kwa jicho lipi? Sitajua. Televisheni ilikuwa na makosa, Hafsa aliona, Mwanarusi aliona, stuli iliona. Sikudanganya mtu. Lakini yule nesi aliponiambia nifunike moja... Bi Everlyn, shikamoo yako ilikuwa imenyooka.

Nina hasira na jicho hili la kushoto kuliko nilivyokuwa nayo na kufuli. Kufuli lilikuwa nje.

Sasa hali ni hii. Mikebe ni miwili, imekaa mbele ya miguu yangu. Damu ya mzee na kahawia ya fremu. Ya kiwanda kimoja, saizi moja, karatasi zake nilizibandua mwenyewe kwa majivuno, kwani fundi asome nini? Brashi nimeziosha zote mbili. Vifuniko nimevichanganya nilipokimbilia maji. Nimevifungua natazama ndani: udongo na udongo. Hili la kulia halitafunguka kabla ya jioni, na mchana mafundi wa mapazia wanakuja, mlango lazima uwe umekauka.

Hafsa ameniletea chai. Akauliza, "Babu, mbona umesimamisha kazi?" Nimemwambia nangoja upepo utulie. Akatazama minazi, haitikisiki. Akaniambia nina jicho jekundu. Nikamwambia nalia, mke wangu ananiacha. Akanibusu kichwani akaingia ndani. Nikimuuliza, atanionyesha mkebe, na atanipenda vilevile. Lakini atamwambia mamake. Na ubao huu wa pili nitauelekeza nikiwa kwenye kiti.

Nitakwenda kwa yule nesi. Jumatatu. Naandika hapa ili nisijikane. Nitafunika lolote atakalosema. Lakini si kabla ya ubao wa pili.

Pikipiki ya Mwau inaingia. Anakuja kufunga televisheni ya maharusi, nimekwisha mwambia asiipandishe darini. Ana kisanduku chake begani, anamwamkia Hafsa. Atapita hapa kunawa mikono. Ngoja niyapange maneno kwanza, maana nikimwita nitamnong'oneza na sitarudia:

Mwau, lile deni la bango nalitaka leo. Ni dogo. Pita mbele yangu kama mtu asiye na habari, na mguu wako uguse mkebe mmoja, ule mwekundu, uguse tu kwa kiatu, kisha uende zako, usiniulize kwa nini.